Bustani yangu ilikunywa maji ya wageni

Mmezoea kupata kwangu habari za barabara, za bei ya unga sokoni, za familia zilizoingia usiku na kulala kwenye madarasa ya shule. Leo nitawapa habari ya parsele yangu mwenyewe. Siileti kwa kujisifu. Sehemu kubwa yake inanipa haya, na ndiyo sababu nimechelewa kuiandika.

Ninakaa Sange, katika bonde la Ruzizi, kando ya barabara ya taifa namba 5 inayoshuka kwenda Uvira. Anayepafahamu hapa anajua joto lake. Bukavu iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na watu wake huvaa sweta asubuhi. Sisi tuko chini huku, karibu na ziwa Tanganyika ambalo liko kwenye mita 770 hivi. Magharibi tuna milima mirefu ya upande wa Itombwe, mashariki tuna milima ya Burundi. Mawingu humwaga mengi kule juu, sisi wa katikati tunapata masalio. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, tone ni nadra. Udongo unapasuka, vumbi linaingia hadi ndani ya sufuria, na mtoto asiye na viatu hukimbia saa saba mchana kama anayekanyaga makaa.

Mimi nilikulia Bukavu. Niliponunua parsele hapa nilikuja na picha ya nyumba ya Bukavu kichwani: majani mafupi ya kijani mbele ya mlango, na maua mawili matatu ya kupendeza kando ya ukuta. Rafiki alinipakilia magunia mawili ya mizizi ya majani hayo kwenye lori la bidhaa. Kabla ya kuyapanda nilisafisha kiwanja chote. Upande wa magharibi palikuwa na mgunga mmoja, mti wa miiba ambao hakuna aliyeupanda. Niliukata. Nilisema ni mti wa porini, utachoma watoto, na nyumba ya mtu anayeandika habari isionekane kama zizi la mbuzi. Mzee jirani alisimama kwenye uzio akanitazama. Akasema, "Papa, huo ndio uliokuwa ukikaa hapa kabla yetu sote." Nikacheka. Nilidhani anataka kuni.

Nilipanda mvua zilipoanza, na hadi mwezi wa tano parsele yangu ilikuwa ya kijani kama kitambaa. Wapita njia walisimama. Kisha mwezi wa sita ukaingia.

Majani yale yalitaka maji kila jioni. Nilianza na bidoni mbili, nikafika nne. Bidoni nne za lita 20 ni lita 80. Maji hayo sikuyachota mimi. Waliyachota mama watoto na binti zangu wawili, ambao walitoka saa kumi za usiku kupanga foleni, wakarudi jua limeshapanda, mmoja akikimbilia darasani na matope miguuni. Sikulifikiria hilo kuwa jambo kubwa. Niliona bustani, sikuona foleni.

Kiangazi hicho hicho tulipata wageni. Alikuja shangazi yake mke wangu, mama mzee, pamoja na mkaza mwana wake na watoto watano. Kijiji chao kiko kaskazini ya bonde. Sikitaji jina, kwa usalama wa jamaa zake waliobaki. Walitembea siku mbili wakiwa na kitanda kimoja cha sponji, sufuria moja, na kuku aliyefungwa kwenye kitenge. Kwa desturi yetu yeye kwangu ni mama mkwe. Hatukai mkeka mmoja, hatuzungumzi ovyo, na jambo lake hunifikia kupitia mke wangu. Niliwapa chumba cha nyuma, nikawaambia wajisikie nyumbani.

Tulikuwa wanane, tukawa kumi na watano. Mashirika ya misaada huhesabu kwamba mtu aliye katika hali ya dharura anahitaji walau lita 15 za maji kwa siku, za kunywa, kupika na kuoga. Watu kumi na watano mara lita 15 ni lita 225, yaani zaidi ya bidoni kumi na moja. Sisi tulikuwa tukipata bidoni kumi na mbili siku nzuri, kumi siku mbaya. Ondoa nne za majani. Hesabu hiyo naweza kuifanya sasa. Wakati ule sikuifanya.

Usiku mmoja nilitoka kujisaidia, nikasikia sauti ya mtoto kwenye chumba cha nyuma. Alikuwa akiomba maji. Mama yake akamwambia kwa sauti ya chini, "Vumilia hadi asubuhi. Yaliyobaki kwenye bidoni ni ya majani ya baba."

Nilisimama pale gizani. Hakuna mtu aliyewaambia hivyo. Walijiambia wenyewe, kwa kuniona kila jioni nikimwaga. Walidhani ndiyo sheria ya nyumba, na mgeni haulizi sheria ya nyumba. Asubuhi nilimwuliza mama watoto, naye akanijibu bila kugeuka kutoka jikoni, "Tangu wafike, wale watoto watano wanaoga kwa beseni moja. Nilidhani unajua."

Tangu siku ile sikumwaga tena hata kikombe. Baada ya wiki tatu hivi majani yalikuwa rangi ya kamba kuukuu. Maua yalianguka kabla ya majani. Uwanja ukabaki vumbi tupu, na joto la mchana likarudi usoni kama la tanuri, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kulizuia. Ukuta wa magharibi, pale uliposimama mgunga, ulikuwa ukichemka hadi saa mbili za usiku. Ndani yake ndicho chumba cha wageni.

Hapo ndipo niliona jambo. Kisiki cha mgunga nilichokikata kilikuwa kimechipua. Mwezi wa nane, bila tone kutoka kwangu, matawi manne mabichi yamesimama kama vidole. Nilimwambia mke wangu amwulize shangazi yake afanyaje mtu na uwanja kama huu. Jibu likanirudia kupitia mke wangu: "Mkwe asiniulize mimi. Auulize uwanja."

Nilidhani ananikwepa. Kumbe ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Kwa muda wa miezi mingi nilijifunza kwake, yeye akimweleza mke wangu, mke wangu akinieleza mimi, hata siku zingine sote watatu tukiwa tumesimama mahali pamoja. Nitaeleza kwa utaratibu, kwa sababu wengi wenu mko kwenye joto kama letu, wengine mkiwa wenyeji, wengine wageni.

Kwanza alitaka tulitazame jua. Alinionyesha kwamba wakati wa kiangazi jua letu la saa sita halisimami juu ya utosi. Linaegemea kaskazini, kwa sababu sisi tuko kusini kidogo ya ikweta. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini unapigwa mchana, na wa magharibi unapigwa jioni, wakati nyumba imekwisha kuchoka kwa joto. Kivuli kinatakiwa pande hizo mbili kabla ya kingine. Mimi nilikuwa nimepanda maua yangu kusini, kwa sababu ndiko kuna barabara na ndiko wanakopita watu wa kuyaona.

Pili alitaka tuyatazame maji. Mvua ya kwanza ilipopiga, mwezi wa tisa ukiisha, sote tulikimbilia ndani, yeye akatoka na jembe. Alizunguka parsele nzima akilowana, akikwaruza alama kila mahali maji yalipopita. Kesho yake tulifuata alama zile. Pale maji yalipokuwa yakikimbilia barabarani tulijenga matuta madogo ya udongo, ya umbo la mwezi mwandamo, tumbo likielekea yanakotoka maji. Nyuma ya kila tuta tulichimba bakuli pana. Maji yanafika, yanapumzika, yanazama. Alisisitiza mabakuli yawe mbali na msingi, hatua nne au tano, kwa sababu nyumba zetu ni za matofali ya udongo na ukuta ukinywa maji unaanguka.

Ninyi wa Uvira mnaelewa kwa nini hili si mchezo. Mnakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika usiku, watu wakafa na maelfu wakabaki bila makao. Ardhi yetu ni ile ile inayolia kiu mwezi wa nane na kuzama mwezi wa nne. Tuta la parsele moja haliwezi kuzuia mto, sitawadanganya. Lakini maji ambayo kila nyumba inayafukuza kwenda barabarani ndiyo yanayokwenda kuchimba korongo kwa jirani wa chini. Ukiyakalisha kwako, umemtendea jirani wema na umejiwekea akiba.

Hesabu nyingine ilinishangaza. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati langu ni mita sita kwa saba, yaani mita 42 za mraba. Mvua ya milimita kumi, ambayo kwetu ni mvua ya kawaida ya alasiri, inaangusha juu ya bati hilo lita 420. Hizo ni bidoni ishirini na moja, zimeletwa hadi mlangoni bila foleni. Miaka yote nilikuwa nikiyaacha yachimbe shimo chini ya paa. Sasa mfereji wa bati lililokunjwa unayapeleka kwenye pipa, na pipa likijaa, yanayofurika yanakwenda kwenye bakuli la mti.

Tatu ni maji yaliyokwisha kutumika. Maji ya kufulia na ya kuogea tulikuwa tukiyatupa popote. Mama mkwe alichagua mahali pamoja, chini ya bafu, tukachimba shimo la duara, tukalijaza makapi na mabua, na kuzunguka mdomo wake tukapanda ndizi nne. Ndizi hupenda sana maji. Ukizimwagilia maji masafi kwenye joto letu ni hasara, lakini zikiketi mahali ambapo maji machafu yatakwenda hata hivyo, zinakula bure. Hatuyamwagi maji ya sabuni kwenye mboga za majani.

Nne ni kufunika udongo. Hapa tulibishana kidogo, hata na mama watoto, kwa sababu kwetu uwanja uliofagiwa hadi ukawa mweupe ndio heshima ya mwanamke, na tena nyoka haonekani kwenye takataka. Tulikubaliana hivi: kuzunguka nyumba na njia ya watoto tunafagia kama kawaida. Lakini chini ya kila mti tunaweka majani ya mpunga na maganda yake, ambayo kwenye bonde letu hayakosekani kwenye mashine za kukoboa. Tunaacha nafasi ya kiganja kati ya takataka na shina, mchwa wasipate ngazi. Weka mkono wako chini ya maganda hayo saa nane mchana, kisha uweke juu ya udongo mtupu. Hutauliza tena faida yake.

Tano ni mimea yenyewe. Aliniambia jambo moja ambalo nalirudia kwa kila mtu: usiulize mti gani ni mzuri, uliza mti gani ulikuwa hai mwezi wa nane bila mtu. Tulipita kandokando ya barabara na mashamba kutazama. Uzio tulitengeneza kwa mnyaa, ule mmea usio na majani makubwa, wenye vijiti vya kijani vinavyotoa maziwa. Unakata tawi, unaliacha kivulini siku chache kidonda kikauke, unachomeka. Lakini jihadharini: maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kuliharibu. Tuliuweka kwenye mpaka tu, mbali na watoto wanapochezea, na anayeukata hufunika macho na kuosha mikono. Kwa ajili ya uzuri tulichomeka tawi la ule mti wa maua mekundu kama moto, unaochanua kiangazi wakati hauna hata jani moja. Chini yake tulipanda mishubiri. Mgunga tuliuachia chipukizi moja lililonyooka, tukakata mengine. Na karibu na jikoni tukaweka mgagani, lengalenga na kunde, mboga ambazo bibi zetu walizijua kabla ya mbegu za kopo.

Baada ya hayo mama mkwe akaomba kitu kimoja. Alitaka kupanda mvumu.

Wale wasioujua, mvumu ni wa ukoo mmoja na mkuyu, una majani mazito na utomvu mweupe, na kivuli chake ni kama nyumba ya pili. Haupandwi kwa mbegu. Unakata kigingi kinene kama mkono, kirefu kumzidi mtu, unakisimamisha mvua zikianza, kinaota. Wazee wa eneo letu la Maziwa Makuu waliupanda nyumbani, na ukiuona umesimama peke yake porini, jua kwamba palikuwa na mji.

Nikakataa.

Wenyeji wenzangu mtanielewa, na wageni naomba mnivumilie. Kwetu mti si mti tu. Sheria ya mwaka 1973 inasema ardhi yote ni ya Serikali, lakini katika kesi nyingi za mashamba nilizozifuatilia kwa kazi yangu, shahidi anayesimamishwa mbele ya wazee ni mti. "Nani alipanda huu mwembe?" Jibu likipatikana, nusu ya kesi imekwisha. Ndiyo maana mwenye shamba anayempokea mkimbizi humwambia panda maharagwe, panda lengalenga, ila usinipandie mti. Mboga ni mkopo wa ardhi. Mti unaonekana kama dai. Nami, pamoja na yote niliyojifunza kwa mama yule, pamoja na aibu ya usiku ule wa bidoni, nilimtuma mke wangu amwambie kwamba kupanda mti hapana.

Hakujibu kitu. Aliendelea kufunika mizizi ya ndizi. Lakini mke wangu alininyamazia siku mbili, na siku ya tatu akaniambia maneno ambayo shangazi yake hakunituma niambiwe. Alisema: "Unajua kwa nini anataka mvumu? Kule kwao upo mmoja ambao mume wake aliupanda walipooana. Mzee amezikwa karibu yake. Sasa hajui ni nani anayekaa chini yake. Anasema akipata kupanda mwingine mahali popote, atalala."

Nilikwenda kwa shefu wa avenyu kuuliza. Nilidhani atanipongeza kwa kuwa mwangalifu. Akaniuliza, "Unaogopa mama mzee, au unaogopa kijiti?" Kisha akasema jambo la busara: kama kuna wasiwasi, kuna karatasi. Tuliandika mistari minne, kwamba mti umepandwa na mgeni kwa ridhaa ya mwenye parsele, kwamba kivuli ni cha wote, na kwamba hakuna atakayeutumia kudai ardhi, wala mwenye parsele hataung'oa kwa hasira. Hilo la mwisho aliliongeza shefu mwenyewe. Tukaweka sahihi, mama mkwe akaweka dole gumba. Alicheka sana. Kwa mara ya kwanza alizungumza nami moja kwa moja, akitazama pembeni kama ilivyo adabu: "Mkwe wangu, ulidhani nimekimbia ili nikukamate parsele? Mimi nimekimbia hata bila ndala."

Alipanda upande wa kaskazini-magharibi, hatua kumi na tano kutoka ukutani na mbali na choo, kwa sababu mizizi ya mvumu haina adabu. Kando yake alizika chungu cha udongo kilichovunjika mdomo, akakifunika kwa kigae. Unakijaza maji mara moja kila baada ya siku tatu au nne, na maji yanavuja polepole kwenye udongo chini, pale mzizi ulipo, jua lisiyaone. Kiangazi cha pili, mti wote ulitumia bidoni moja kwa wiki. Majani yangu ya Bukavu yalikuwa yakinywa nne kwa jioni moja.

Sasa nawaambia niliyoyajutia ili ninyi msiyajutie.

Wenyeji mnaopokea watu: tazameni uwanja wenu kama sehemu ya mapokezi. Mgeni hakai kwenye sebule yenu, anakaa uwanjani. Pale ndipo anapopika, anaponyonyesha, anapongoja simu. Kivuli kimoja kwenye ukuta wa magharibi kinamfaa kuliko maneno mengi ya pole. Na kama mnaogopa mti wake, msimnyime tu. Mwiteni nyumbakumi au shefu, andikeni karatasi. Hofu ya ardhi ni ya kweli katika nchi yetu, watu wamekufa kwa ajili yake, sitaidharau. Lakini hofu ya kweli hutafutiwa njia, na karatasi ya mistari minne ni njia.

Ndugu zangu mliokimbia, mnaokaa kwenye parsele zisizo zenu au kwenye kambi: msiseme mtapanda mtakaporudi. Gunia kuukuu lililojazwa udongo na samadi, likisimama kwenye kivuli cha alasiri, linabeba lengalenga na mgagani, na mnaanza kuchuma baada ya wiki chache. Linywesheni maji ya kusuuzia mboga na vyombo, yasiyo na sabuni. Mkiondoka, gunia halina kesi na mtu. Na mkikubaliwa kupanda mti, pandeni mvua zikianza, si kiangazi, ili mizizi ipate miezi minane ya kushuka kabla ya jua kuja kuiuliza.

Na wewe unayejenga nyumba mpya, usiukate mti uliokukuta hadi umepita naye kiangazi kimoja. Mimi nilikata kivuli cha miaka mingi kwa asubuhi moja. Chipukizi lake sasa limenipita kimo, lakini kivuli chake bado hakijafika dirishani.

Mama mkwe hayupo tena kwangu. Mwaka huu, njia ilipofunguka kidogo, aliondoka na mkaza mwana wake kwenda kuona kama bati la nyumba yao bado lipo. Watoto watatu walibaki nasi kwa ajili ya masomo. Mtandao kule ni wa shida, ilipita karibu mwezi mzima bila habari, na mke wangu alikuwa akilala na simu mkononi.

Jumapili iliyopita simu ililia. Alisema bati halipo, lakini kuta zimesimama. Alisema mvumu wa mzee upo, tawi moja limekatwa kuni. Aliwauliza watoto mmoja mmoja kama wanakula. Kisha akamwambia mke wangu aniulize kama chungu kimejazwa.

Kilikuwa hakijajazwa. Nilichukua kikombe nikatoka nje.